Fungu la Injini

Kila asubuhi mtumbwi ulipokwisha kufungwa, Nkwabi aliteremka, akanawa uso, akaenda kuketi juu ya ndoo iliyogeuzwa mbele ya ukuta wa choo cha mwalo, ufukwe wa mitumbwi ya uvuvi, akawapa samaki mgongo. Ukutani palikuwa na tangazo la sabuni lililobanduka, na msichana wa tangazo alikuwa amebakiwa na kidevu na meno tu. Nkwabi alikuwa amemtazama msichana huyo kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mkewe. Mkewe, Tereza, alimtania kwamba siku msichana huyo akiota macho atadai mahari.

Nyuma yake wenzake walipanga mafungu mchangani. Wakimaliza, Salum alichukua kasia, akagusa fungu mojawapo, akauliza, "La nani?" Nkwabi, macho kwenye meno ya msichana, akajibu "La Salum," au "La mtumbwi," au "Langu," kama jina lilivyomjia mdomoni. Aliyepanga hakujua fungu lipi litamwangukia, na aliyetaja majina hakuyaona mafungu. Kwa hiyo mafungu yalilingana. Watu wa mwalo ule, kando ya Kirumba, hawakuwa malaika. Walichelea tu kuangukiwa na fungu dogo walilolipanga wenyewe.

Kazi ya mgongo alipewa Nkwabi kwa kuwa hakuwahi kuchungulia. Hata siku nyuki walipovamia mwalo na watu wote wakakimbilia majini, yeye alikimbia kule alikoelekea uso, akagongana na ukuta, akavimba paji. Walimcheka mwaka mzima, lakini hakuna aliyefikiria kumpa kazi hiyo mtu mwingine.

Palikuwa na jambo moja zaidi. Mtu akiona mgawo haukukaa sawa, aliruhusiwa kusema, "Sichukui." Akishasema hivyo, samaki wa mafungu yote, la kwake na ya wenzake, walijigeuza kifudifudi, wakasimama kwa mapezi na kurudi ziwani. Siku hiyo hakuna aliyepata kitu. Halikuwa jambo la kila siku, lakini kila mtu alilijua, kama anavyojua kwamba kuna siku injini huzimika katikati ya maji. Marehemu Chenge, aliyekuwa mkuu wa mtumbwi zamani, aliwahi kuficha kamongo mnono majanini kabla ya mgawo. Mzee Ndalahwa akauona mkia, na mgawo ulipofika akasema hachukui. Wakati huo kamongo alikwisha kufika kwa Chenge na kukunjwa mzima mzima ndani ya sufuria kwa ajili ya wakwe. Kamongo akasukuma kifuniko, akashuka jikoni na nyanya mgongoni, akapita sebuleni. Wakwe wakakunja miguu ili apite. Kisha wakaletewa ugali na mchuzi uliobaki, wakala, wakashukuru.

Watu walieleza kwamba kichwa cha samaki hukumbuka njia na mkia ndio humsukuma. Hakuna aliyeona haja ya maelezo zaidi.

Machibya alikuwa mmoja wa wavuvi hao. Alivua na Nkwabi tangu wote wawili wakiwa na kaptula moja moja, na mgongo wa kwanza ambao Nkwabi aliufuta damu ya samaki ulikuwa wa Machibya. Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuleta mashati ya Ulaya kwa marobota. Machibya akauza ng'ombe wa baba yake, akanunua mtumbwi, nyavu na injini, na tangu siku hiyo akaitwa tajiri, kama wanavyoitwa wenye mitumbwi wote ziwani, hata wale wasio na viatu.

Mwanzoni mafungu yalikuwa matano: wavuvi wanne na mtumbwi. Machibya alichukua la mtumbwi, na hakuna aliyenung'unika, maana mtumbwi kweli ulikuwa wake. Baadaye likaja fungu la nyavu. Baadaye la injini.

"Injini itakula na nini, tajiri?" Salum aliuliza. "Ugali au wali?"

"Injini inakufikisha, Salum. Wewe ulikuwa unapiga kasia mpaka kwapa zinatoa moshi. Leo umekaa kama bwana harusi."

"Sawa. Lakini bwana harusi hushiba."

Wakacheka wote, na Nkwabi akacheka akitazama ukuta. Mafungu yaliendelea kulingana, sangara kwa sangara. Hilo ndilo lililomfurahisha Machibya. Alipenda sana mila. Wageni wakija aliwaonyesha Nkwabi kwa kidole na kusema, "Mnamwona yule? Hatazami kabisa. Hapa hakuna kudhulumiana." Kisha likaongezwa fungu la tajiri mwenyewe, kwa kuwa na yeye alikuwa mtu, na mtu anakula. Kisha likaja la barafu.

Asubuhi hiyo Salum aligusa fungu, Nkwabi akasema, "La barafu." Barafu ilikuwa kwenye gunia la maranda, inavuja taratibu. Saa sita isingekuwepo tena, na bado ilikuwa imepata sawasawa na yeye. Nyumbani binti yake Winnie alikuwa amezoea kuuliza, "Baba, leo ni kichwa au mkia?" maana katikati ya samaki iliuzwa ili kununua unga.

"La nani?" Salum aligusa jingine.

"Langu," alisema Nkwabi. "Sichukui."

Samaki wakageuka na kwenda. Wale waliokwisha kupakiwa kwenye gari la wakala wa wanunuzi wa mjini walisukuma mlango, wakajimwaga mmoja mmoja wakiwa na chembe za barafu kwenye magamba, wakapita katikati ya watu. Sangara mmoja mkubwa alisimama kidogo mbele ya Machibya kama anayeomba njia, na Machibya akasogea. Wakala akafunga mlango wa gari, akatia saa yake majira, akaondoka bila kitu.

"Umenimaliza," Machibya alisema.

"Tumemalizika wote," alijibu Nkwabi, bado akitazama ukuta. "Mimi nakwenda kulala njaa. Na wewe nenda kalale nayo, mkumbukane."

Kesho yake fungu la barafu halikuwepo, wala la injini, wala la tajiri. Machibya alileta mahindi ya kuchoma kwenye kikapu, wakala pamoja wamekaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Yalikuwa majira mazuri yale. Nkwabi aliweza kupeleka sato kwa mama mkwe wake Mkolani, na mama mkwe akamwita mwanangu badala ya yule mtu. Wavuvi nao wakawa wanashona nyavu hata Jumapili bila kuombwa, na nyavu zikitatuka usiku walizifuata majini kama ni za baba zao. Machibya alipata samaki wengi kuliko wakati alipokuwa akichukua mafungu matano. Ajabu ni kwamba hakulipenda jambo hilo. Alikuwa akiyatazama mafungu ya wenzake kama mtu anayetazama viatu vyake miguuni pa jirani.

Ndipo kiwanda cha minofu kilipofunguliwa kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Machibya alialikwa kukitembelea. Alivishwa koti jeupe na buti za mpira, akaoneshwa jinsi kisu kinavyopita ubavu mmoja wa sangara, halafu wa pili, na nyama yote inaondoka laini kama inavuliwa nguo. Mnofu uliingia kwenye boksi, boksi likaingia kwenye ndege. Kilichobaki kilitupwa kwenye beseni: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Alisimama pale muda mrefu. Mwenyeji wake alidhani anastaajabia usafi.

Mabaki yale yaliitwa mapanki, nayo yalitolewa kwa mlango wa nyuma. Tereza alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuyanunua. Alipata nafasi kando ya ukuta wa kiwanda, pamoja na Sihaba, mke wa Salum, wakaweka karai na mafuta na kukaanga tangu asubuhi. Wateja hawakukosekana. Walikuja vibarua waliopunguzwa kazi viwandani Nyakato, wakaja walimu, wakaja na watu waliokuwa wakimwambia Tereza awafungie vizuri kwa gazeti kwa sababu ni ya mbwa. Tereza aliwauliza mbwa anapenda na pilipili, na wakasema ndiyo.

"Minofu wanakula wao, sisi tunamung'unya mifupa," Nkwabi alisema jioni moja.

"Mifupa inamvalisha Winnie sare ya shule," alisema Tereza. "Mung'unya polepole, usijichome."

Baada ya hapo Machibya alibadilisha saa ya mgawo.

"Jua la asubuhi linawasumbua," aliwaambia wavuvi. "Mkitoka ziwani mmechoka. Kalaleni kwanza. Tutagawa alasiri."

Walipokuja alasiri, gari lilikwisha kuondoka muda mrefu. Mchangani palikuwa na mafungu manne ya samaki, na kando yake mawe matano yaliyookotwa mlimani, masafi, yamepangwa vizuri kwenye mstari uleule. Kila jiwe lilisimama badala ya fungu lililokwisha kwenda kiwandani: la mtumbwi, la nyavu, la injini, la barafu, la tajiri. Machibya alieleza kwamba mila haijabadilika hata kidogo. Nkwabi akaketi kwenye ndoo.

"La nani?"

"La Salum," alisema Nkwabi.

Wale ndugu wawili wa Ukerewe waliovua pamoja nao wakaangua kicheko. Salum alikuwa amepewa jiwe.

"Nkwabi, ndugu yangu," alisema Salum, "nikalichemshe au nilikaange?"

Machibya, kwa ukarimu, aliruhusu lirudiwe. Kasia likagusa tena, na safari hii Nkwabi alisikia. Kasia likigusa samaki lilitoa sauti nzito na ya majimaji. Likigusa jiwe lililia ngo. Hakuwa amegeuka, hakuwa amechungulia, na tayari alijua kila kitu. Lilipolia ngo alisema, "La injini," kwa sababu la sivyo mwenzake angekwenda nyumbani na jiwe. Lilipolia ngo tena alisema, "La barafu." Alitaja mawe yote matano, moja baada ya jingine, kwa kinywa chake mwenyewe. Msichana wa tangazo alikuwa akimcheka kwa yale meno yake.

Likabaki fungu la mwisho.

"La nani?"

"Langu. Sichukui."

Samaki wa mafungu manne wakasimama, wakarudi ziwani. Mawe hayakutikisika. Machibya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu, akawatazama samaki wanavyoingia majini mpaka wa mwisho.

"Poleni," alisema.

Kule kiwandani Tereza alikuwa na mteja. Panki lililokuwa katikati ya mafuta liligeuka lenyewe, na Tereza akadhani limeiva. Likainua kichwa, likajishika ukingo wa karai kwa taya, likashuka. Mengine yakafuata, ya kwake, ya Sihaba, ya wanawake wote kando ya ukuta, na yale mabichi ya kwenye mabeseni, na yale yaliyokwisha kufungwa kwa gazeti, yakatoka na habari za jana zimeganda mgongoni. Yalikuwa na kichwa cha kukumbuka njia na mkia wa kusukuma. Katikati hayakuwa na kitu, na upepo uliopita kati ya miiba yake ulitoa mluzi mdogo. Yakashuka Kirumba kwa kufuata ukingo wa barabara, yakidondosha mafuta. Mtu wa mkaa akapiga kengele ya baiskeli, yakampisha. Mteja wa Tereza akadai arudishiwe chake, akarudishiwa.

Minofu haikurudi. Shemeji yake Salum alikuwa mpakiaji uwanja wa ndege, na alisimulia kwamba saa ile maboksi yalitikisika kidogo, kama mtu usingizini anapoitwa jina alilowahi kuitwa utotoni. Halafu yakatulia, na ndege ikaruka. Mnofu hauna kichwa. Ungejuaje pa kwenda?

Tereza alirudi na karai tupu kichwani. Aliliweka chini katikati ya chumba, kati yake na mumewe.

"Baba Winnie, ulimkatalia nani?"

"Machibya."

"Machibya nimempita njiani. Anakunywa soda. Nakuuliza tena, ulimkatalia nani?"

Nkwabi akalitazama karai.

"Zamani ukikataa, nyumba mbili zinalala njaa," alisema Tereza. "Ya kwetu na ya kwake. Nilikuwa nalala na njaa yangu nikijua na yeye anajigeuza kitandani. Ilikuwa inanishibisha kidogo. Leo nigeuke na nani?"

"Ataona aibu, Mama Winnie. Nikikataa mara ya pili ataona aibu."

"Aibu yake ilikuwa kwenye tumbo. Siku hizi tumbo lake liko kiwandani."

Machibya alikuja jioni hiyohiyo, akabisha hodi, akaingia na kilo ya sukari. Alikaa kwenye kigoda kama zamani, akamuuliza Winnie habari za masomo, Winnie akampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa upendo wote.

"Sijaja kugombana," alimwambia Nkwabi. "Nimekuja kukwambia usijisikie vibaya. Kukataa ni haki yako. Siku hizi kila mtu ni ruksa, na mimi siwezi kumnyima mtu mila yake. Kataa kesho, kataa kesho kutwa. Nduhu tabu, hakuna shida."

"Machibya, tulikula mahindi pamoja."

"Tulikula. Na yalikuwa matamu." Alisema kweli kabisa, macho yakamlegea kidogo. "Lakini yale mahindi, Nkwabi, nilikuwa nayaleta kwa sababu nakuogopa. Mtu hawezi kuishi hivyo na rafiki yake."

Akaaga. Sukari aliiacha mezani, na Tereza akaitia kwenye kopo, kwa kuwa ya nyumbani ilikuwa imekwisha.

Nkwabi alikataa tena. Kasia liligusa mawe, akayataja, likagusa fungu lake, akasema hachukui, na samaki wakaenda. Mapanki yakashuka tena na mluzi wake wa miiba. Mwenye duka la vitambaa njiani alikuwa amekwisha kuchoka na madoa ya mafuta kizingitini, akaweka gunia yapitie juu yake.

Jioni wanawake wa mapanki walikuja nyumbani kwa Nkwabi. Hawakupiga kelele. Kila mmoja aliingia uani, akalifudikiza karai lake chini na kusimama nyuma yake. Uwanja ukajaa makarai meusi yaliyolala kifudifudi kama kobe. Sihaba ndiye aliyesema.

"Shemeji, sisi hatukuja kukufundisha kazi. Mume wangu anasema una haki, na mimi nasema una haki. Watoto wangu nao nimewaambia una haki. Wameuliza inapikwa kwa muda gani."

Salum alikuwa amesimama mlangoni, akatazama pembeni. Safari hii utani ulimrudia mwenyewe, tena kutoka nyumbani kwake.

"Chukueni makarai yenu," alisema Nkwabi.

"Tuchukue tukakaangie, au tuchukue tukatundike?"

"Mkakaangie."

Wakayachukua. Tereza alikuwa wa mwisho kulichukua la kwake. Hakumtazama mumewe. Kuna wakati katika ndoa ambapo mtu anapewa mgongo kwa heshima, na Nkwabi, kwa kazi yake, aliutambua.

Tangu hapo hakukataa tena. Ila yale mapanki yaliyorudi ziwani hayakujua hilo. Yaliogelea karibu na mwalo makundi kwa makundi, yakifungua na kufunga taya, yakisubiri nyama yao. Hayakula kitu, kwa kuwa hayakuwa na pa kukiweka. Yakanasa kwenye nyavu kirahisi, miiba ikizishika nyuzi. Asubuhi wavuvi wakivuta, nusu ya wavu ilikuwa sangara na nusu ilikuwa mifupa hai. Wakala wa kiwanda aliikataa mifupa. Alisema wao walikwisha kuimaliza.

Machibya alifikiri, akaona haina sababu ya kupotea. Sangara wote wakapakiwa kwenye gari kama mafungu ya mtumbwi, nyavu, injini, barafu na tajiri, na ile mifupa ikapangwa mafungu manne yaliyolingana mno, hata miiba ingehesabiwa. Aliwaalika wageni wawili waje kutazama mila.

Alasiri hiyo Nkwabi aliketi kwenye ndoo. Wakati wa mvua tangazo lilikuwa limebanduka zaidi, na msichana sasa alibaki na kidevu tu. Salum akashika kasia.

Jiwe likalia. "La nani?"

"La injini."

Jiwe tena. "La nani?"

"La barafu."

Akayataja yote matano. Kisha kasia likagusa kitu kilichotoa sauti mpya, kavu, ya vijiti vinavyoanguka sakafuni. Nkwabi alijua ni nini. Aliijua sauti hiyo kutoka jikoni kwake.

"La nani?" aliuliza Salum, kwa sauti ndogo.

"Langu."

Machibya akainuka kwenye kiti chake cha plastiki. Siku hizi alikuwa ameongeza swali moja kwenye mila, na alipenda kuliuliza mwenyewe, hasa wageni wakiwepo.

"Unachukua?"

Ndege ilikuwa inapaa kutoka uwanjani, ikapita juu ya mwalo chini kabisa. Nkwabi akasubiri ipite ili wasikie vizuri.

"Nachukua," alisema.

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akamuuliza Machibya kama ni kweli yule bwana hajawahi kugeuka, na Machibya akasema ni kweli, hajawahi.

Nyumbani, Tereza aliyapokea mapanki na kuyaosha. Yalikuwa yamechemka katika mafuta mara moja tayari, kwa hiyo hayakuhitaji muda. Moja likawa linapiga mkia ukingoni mwa karai, polepole, kama mtu anayebisha hodi na kujua kwamba wenyewe wapo ndani. Tereza akatafuta kifuniko, akalifunika, akaweka jiwe juu yake. Nkwabi ndiye aliyekuja nalo kutoka mwalo. Lilikuwa la injini.